TEZI YA SHINGO NA MTOTO ALIYE TUMBONI

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea kusoma, weka vidole viwili mbele ya shingo yako, chini kidogo ya kikoromeo. Sasa meza mate. Umesikia kitu kinapanda na kushuka? Hapo hapo, mbele ya koo, imelala tezi moja yenye umbo la kipepeo aliyekunjua mabawa. Ni laini na ni ndogo. Kwa mtu mzima mwenye afya uzito wake ni kama gramu 20, wala haionekani kwa macho. Tunaiita tezi ya shingo. Hospitalini utasikia wakiiita thairoidi.

Leo tutazungumza juu ya tezi hiyo inapolegea katika mwili wa mama mja mzito.

Huenda utasema: "Hayo ni maradhi ya watu wa mjini. Sisi wa Nyamisati, Mbwera, Salale na Kibiti tuna malaria na upungufu wa damu. Hayo yanatutosha." Ni kweli malaria na upungufu wa damu vinasumbua waja wazito wengi huku kwetu. Lakini hiyo ndiyo sababu ya ugonjwa wa tezi kujificha. Mama anachoka, anasinzia mchana, uso unamvimba, tumbo linafunga. Nyumbani wanasema ni mimba. Jirani anasema ni damu. Wote wanaweza kuwa sahihi. Na wote wanaweza kukosea.

KAZI YA TEZI HII

Tezi ya shingo hutengeneza kitu kiitwacho homoni. Homoni ni kichocheo kinachosafiri ndani ya damu na kuviambia viungo vya mwili vifanye kazi kwa kasi gani. Moyo husikiliza, matumbo husikiliza, ngozi husikiliza, na ubongo pia. Kichocheo kikitosha, moto wa mwili huwaka sawasawa. Kikipungua, moto hufifia. Kikizidi, moto huwaka kupita kiasi, na huo ni ugonjwa mwingine.

Ili itengeneze kichocheo hicho, tezi inahitaji madini joto. Waganga huyaita iodini. Mwili hauwezi kujitengenezea madini joto wenyewe. Ni lazima tuyale.

Nani huiamrisha tezi? Ni tezi nyingine ndogo iliyo chini ya ubongo. Wewe uliyewahi kusimama ukingoni mwa mto ukimwita mvushaji aliye ng'ambo utaelewa haraka. Mvushaji akija upesi, unaita mara moja kwa sauti ndogo. Akikawia, unapaza sauti. Akilala kabisa, unapiga makelele mpaka koo linakauka. Tezi ya ubongoni nayo hufanya hivyo. Sauti yake hupimwa katika damu. Kwenye karatasi ya maabara kipimo hicho huandikwa kwa herufi tatu: TSH. Namba ikiwa kubwa, maana yake ubongo unapiga makelele na tezi ya shingo haiitikii vya kutosha. Watu wengi huona namba kubwa wakafurahi, wakidhani ni nguvu nyingi. Sivyo.

Tezi hulegea kwa sababu mbalimbali. Kuna watu ambao askari wa mwili wao wenyewe hukosea, wakaishambulia tezi kana kwamba ni adui. Kuna waliopasuliwa rovu, na sehemu kubwa ya tezi ikaondolewa. Na kuna wanaokosa madini joto katika chakula. Rovu ni uvimbe wa tezi hiyo shingoni. Lakini usidhani kila mwenye rovu tezi yake imelegea, au kwamba asiye na rovu amesalimika. Shingo inaweza kuwa nyembamba kabisa na tezi ikawa imechoka.

Dalili zake huja polepole, kwa miezi na hata miaka. Mtu huchoka bila kazi. Huona baridi wakati wenzake wanatoka jasho, na wewe unajua joto la delta lilivyo. Ngozi hukauka, nywele hukatika, sauti hukwaruza, choo huwa kigumu. Husahau mambo. Mwili huongezeka ingawa hali sana. Kwa mwanamke, damu ya mwezi inaweza kuwa nyingi au kuvurugika, na mimba ikachelewa kuingia au ikawa inatoka.

Hapo naomba tusifichane. Katika vijiji vyetu mwanamke anayeharibu mimba mara kwa mara hupewa majina. Huambiwa ana mkosi, ana jini, au aliharibu mwili ujanani. Wengine huachwa. Mimba hutoka kwa sababu nyingi, na tezi iliyolegea ni moja tu kati yake. Lakini ni sababu inayoonekana kwa kipimo cha damu, na ina dawa. Baba unayesoma ukurasa huu, mpeleke mkeo apimwe kabla hujaanza kutafuta maneno.

WATU WAWILI, TEZI MOJA

Mama akishika mimba, tezi yake hupewa kazi ya watu wawili. Mtoto naye ana tezi yake, lakini mwanzoni bado haijui kazi. Huanza kutengeneza kichocheo mimba inapofika kama wiki ya 12, na haijitoshelezi mpaka mimba ifike kama wiki ya 18 au 20. Kwa muda wote huo mtoto anategemea kichocheo cha mama yake. Ndiyo maana tezi ya mama mwenye afya huongeza kazi, ikatengeneza karibu nusu zaidi ya kawaida. Mama ambaye tezi yake imelegea hawezi kuongeza.

Kichocheo hicho ndicho kinachosaidia kujenga ubongo wa mtoto. Mkulima wa mpunga hahitaji kufundishwa jambo hili. Mpunga ukikosa maji wakati wa kutunga, mvua ya baadaye hairudishi punje. Shina litakuwa la kijani na majani yatapendeza, lakini suke ni pepe. Ubongo wa mtoto una msimu wake pia, na msimu huo huanza katika wiki za kwanza kabisa, wakati wanawake wengi hawajaenda kliniki, na wengine hawajajua kama wana mimba.

Tezi ikilegea sana bila kutibiwa, mama yumo katika hatari ya mimba kutoka, ya shinikizo la damu la ujauzito, ya upungufu wa damu, ya kujifungua kabla ya siku na ya kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Mtoto anaweza kuzaliwa na uzito mdogo, au akakua akiwa mzito wa kujifunza. Sisemi haya ili kukutisha. Mama mwenye ugonjwa huu anayemeza dawa yake vizuri na kupimwa kwa wakati hubeba mimba na kuzaa mtoto mwenye akili timamu kama wengine.

DAWA

Zamani ugonjwa huu haukuwa na tiba. Mwaka 1891 daktari mmoja aitwaye George Murray, katika mji wa Newcastle huko Uingereza, alichukua tezi za shingo za kondoo, akatoa maji yake, akamchoma sindano mwanamke ambaye tezi yake ilikuwa imekufa. Mwanamke yule alipata nafuu. Baadaye akawa anakunywa dawa hiyo badala ya kuchomwa sindano, na akaishi miaka 28 zaidi. Katika miaka hiyo alitumia tezi za kondoo zaidi ya 870.

Siku hizi hatuhitaji kondoo. Kuna kidonge kidogo kiitwacho levothairoksini. Ndani yake mna kichocheo kilekile ambacho tezi ingekitengeneza. Kwa sababu hiyo hakimdhuru mtoto tumboni, wala hakiharibu maziwa ya mama.

Nimelazimika kulisema hilo waziwazi, kwa sababu kuna kosa moja linalofanywa na mama wengi wenye nia njema. Mama akijua ana mimba, huogopa dawa zote. Huweka vidonge kabatini akisema, "Nitaendelea nikishajifungua." Kwa dawa nyingine hofu hiyo ina maana. Kwa dawa ya tezi ni kinyume chake. Wakati wa mimba ndio wakati dawa inapotakiwa zaidi kuliko wakati mwingine wowote. Usiache hata siku moja.

Tena haitoshi kutoacha. Wanawake wengi wanaotumia dawa hii huhitaji kuongezewa kipimo mimba inapoingia, kwa kawaida kama robo au theluthi ya kile walichokuwa wakimeza. Waganga wengi humpa mama agizo hili mapema, hata kabla hajashika mimba: siku atakapojua ana mimba, aongeze vidonge viwili kwa wiki, yaani badala ya vidonge 7 ameze 9, kisha aende kupimwa.

Sasa fikiri juu ya mama anayekaa Maparoni au Kiongoroni. Kutoka huko mpaka hospitali ni lazima asubiri maji yajae, apate boti, avuke, kisha atafute gari. Wiki mbili au tatu zinaweza kupita kabla hajamwona daktari. Kwa mtu wa Dar es Salaam wiki tatu ni uzembe tu. Kwa mtu wa delta ni jiografia. Kwa hiyo wewe unayetumia dawa hii na bado unazaa, usingoje. Nenda sasa, kabla ya mimba, umwambie daktari wako: "Ninakaa mbali. Nikishika mimba nifanye nini siku hiyo hiyo?" Mwombe akuandikie jibu katika daftari lako. Wewe sasa unajua kusoma. Agizo lililoandikwa halisahauliki wala halipindishwi njiani. Lakini usijiongezee dawa bila agizo lake. Dawa ikizidi, moyo hukimbia, mikono hutetemeka, mwili hukonda, na hilo nalo ni baya kwa mimba.

VIDONGE VIWILI VISIVYOPATANA

Hapa, ndugu msomaji, soma polepole. Ikiwezekana, msomee na jirani.

Kliniki zetu huwapa waja wazito vidonge vya kuongeza damu. Ni vidonge vizuri na ni lazima vimezwe. Ndani yake mna madini ya chuma. Sasa, chuma na dawa ya tezi vikikutana tumboni hushikana, na dawa ya tezi ikishashikwa haiingii katika damu. Hupita moja kwa moja na kutoka na choo. Mama anaweza kumeza vyote kila siku asubuhi kwa uaminifu mkubwa, asikose hata mara moja, na bado akawa kama mtu asiyemeza dawa ya tezi kabisa. Nesi akimwuliza, "Unameza dawa?" atajibu, "Ndiyo, zote." Na atakuwa anasema kweli.

Dawa yake ni kuvitenga kwa saa nne au zaidi. Fanya hivi. Unapoamka alfajiri, meza kidonge cha tezi kwa maji matupu. Subiri nusu saa, na ikiwezekana saa nzima, ndipo unywe chai. Fagia uwanja, teka maji, washa moto. Muda utapita wenyewe. Kidonge cha kuongeza damu kiache mpaka chakula cha mchana au cha usiku. Vidonge vya kalisi, ambavyo baadhi ya waja wazito hupewa, navyo vitenge vivyo hivyo. Dawa za kiungulia pia. Maziwa, kahawa na uji wa soya visitangulie kidonge cha tezi, maana hupunguza nguvu yake.

Kama asubuhi ni ngumu kwako kwa sababu ya kutapika, mwambie daktari. Kidonge kinaweza kumezwa usiku wakati wa kulala, ikiwa saa tatu zimepita tangu ulipokula. Hata katika mwezi wa Ramadhani mpango unaweza kupatikana, ila uupange na mganga wa zahanati kabla mwezi haujaandama. Ukisahau kidonge asubuhi, kimeze utakapokumbuka siku ile ile tumbo likiwa tupu. Tatizo kubwa si kusahau siku moja. Tatizo ni kuchanganya kila siku.

Kidonge hiki huogopa joto, unyevunyevu na mwanga. Nyumba nyingi za delta ziko karibu na maji, na chumvi ya bahari hula hata misumari. Acha vidonge katika pakiti yake, kisha uiweke ndani ya kopo lenye mfuniko, mbali na jiko na mbali na dirisha. Mafuriko ya mwaka 2024 huku Rufiji na Kibiti yaliwakatia watu njia na kuharibu mashamba na nyumba. Mtu anayetegemea kidonge cha kila siku asikae na vidonge vya siku mbili tu wakati wa masika. Omba vya mwezi mzima au zaidi, na maji yakianza kupanda, lile kopo liwe miongoni mwa vitu vya kwanza kuchukuliwa.

KUPIMWA

Zahanati ya kijiji haina mashine ya kupima TSH. Usimgombeze mganga wa zahanati kwa hilo. Kazi yake ni kukusikiliza, kukupima damu na malaria kwanza, na kukupa barua ya kukupeleka mbele. Barua hiyo itakupeleka kituo cha afya, kisha hospitali, na pengine damu yako au wewe mwenyewe mtafika Dar es Salaam, ambako ipo Hospitali ya Taifa Muhimbili. Kabla hujapanda boti, uliza kama kipimo kinafanyika huko uendako. Swali hilo moja linaweza kukuokolea nauli ya bure.

Mama mwenye ugonjwa huu hutakiwa kupimwa kama kila wiki nne mpaka nusu ya mimba, halafu angalau mara moja mimba inapokaribia wiki ya 30. Waganga hupenda namba ya TSH ishuke chini ya 2.5. Najua kwa mtu wa visiwani kwenda kila wiki nne ni mzigo mzito. Wapo wanaohamia kwa ndugu Kibiti au Ikwiriri kwa miezi ya mwanzo. Si kila mtu ana ndugu huko. Kama huwezi safari zote, mweleze daktari ukweli tangu mwanzo, ili achague zile zisizoweza kukosekana. Za mwanzoni ndizo kubwa.

Nani aombe kupimwa ingawa hajawahi kuambiwa anaumwa? Aliye na rovu. Aliyepasuliwa shingo. Aliyeharibu mimba mara mbili au zaidi. Ambaye mama yake au dada yake ana ugonjwa wa tezi. Mwenye kisukari cha utotoni. Na yule ambaye amemeza vidonge vya damu kwa muda, damu imepanda, malaria hana, lakini uchovu na baridi havimwachi.

BAHARI IPO, MADINI JOTO JE?

Mpaka hapa nimesema na wachache wenye ugonjwa. Sasa nasema na kila nyumba yenye chungu jikoni.

Zamani watu wengi, hata wataalamu, waliamini kuwa ukosefu wa madini joto ni shida ya watu wa milimani tu. Huko Nyanda za Juu Kusini, kama Mbeya, Iringa na Rukwa, rovu zilikuwa nyingi, kwa sababu mvua za miaka mingi zimeosha madini hayo katika udongo. Watu wa pwani walihesabiwa kuwa salama kwa sababu wanakula samaki. Kisha utafiti ukafanywa Unguja na Pemba, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2006. Wanafunzi wengi walikutwa na rovu, na Pemba hali ilikuwa mbaya kuliko Unguja. Pemba imezungukwa na bahari pande zote! Kama kisiwa kizima kinaweza kupungukiwa, sisi wa delta tusijidanganye kwa sababu tunasikia harufu ya bahari.

Samaki wa baharini na kamba wana madini joto, ni kweli. Lakini kamba wengi wa delta huuzwa, hatuwali. Na samaki wa mtoni na wa mabwawani, kama perege na kambale, wana madini hayo kidogo kuliko wale wa baharini.

Halafu kuna suala la chumvi. Chumvi inayoanikwa kwa maji ya bahari, ikiwa haijaongezwa kitu, karibu haina madini joto kabisa. Maji yanapokauka hubaki weupe na ukali, lakini madini joto hayabaki ya kutosha. Kwa hiyo chumvi kutoka baharini na chumvi yenye madini joto si kitu kimoja. Tangu miaka ya 1990 sheria ya nchi yetu inataka chumvi ya kula iongezwe madini joto. Wenye mashamba makubwa ya chumvi wana mashine. Wadogo wanaweza kuchanganya kwa bomba la kupulizia, kama lile la dawa za shambani. Ndugu mwenye shamba la chumvi, hatukuzuii riziki yako. Tunakuomba uichanganye, maana anayekula chumvi hiyo kwanza ni mkeo.

Ukienda dukani, soma mfuko. Tafuta maneno "madini joto". Usinunue ile ya kupimiwa kwa kopo kutoka gunia lisilo na maandishi. Ukifika nyumbani itie katika chombo chenye mfuniko, pakavu, mbali na moto. Itie katika mchuzi karibu na kuiva. Wala usiongeze wingi wa chumvi ukidhani unaongeza dawa. Chumvi nyingi hupandisha shinikizo la damu. Kiasi ni kile kile cha siku zote, kilichobadilika ni aina. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anahitaji maikrogramu 150 za madini joto kwa siku, na mja mzito 250. Ni kidogo mno. Madini joto ya mtu mmoja ya maisha yake yote hayajazi kijiko cha chai.

Serikali ilikwisha kuona uzito wa jambo hili zamani. Kuanzia mwaka 1986, katika wilaya zilizoathirika zaidi, watu waligawiwa vidonge vya mafuta yenye madini joto, waja wazito wakiwamo. Miaka mingi baadaye wachumi watatu walihesabu madarasa ya watoto waliokuwa tumboni wakati ule. Mwaka 2009 waliandika kwamba waliopata kinga hiyo mapema walikuwa wamesoma miezi kadhaa zaidi ya wenzao, hasa wasichana. Wataalamu wengine waliorudia hesabu baadaye waliona faida hiyo haina uhakika wa kiasi hicho. Wabishane. Kwamba ubongo wa mtoto unahitaji madini joto, juu ya hilo hakuna mabishano.

Neno moja juu ya muhogo. Muhogo mchungu usiolowekwa na kukaushwa vizuri una sumu, na mwili unapoipunguza makali, sumu hiyo hugeuka kitu kinachozuia tezi kupata madini joto. Katika kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, nchini Kongo, madaktari katika miaka ya 1960 waliona jambo la ajabu. Kaskazini rovu zilikuwa nyingi sana, kusini-magharibi chache, ingawa madini joto yalikuwa haba pande zote mbili. Walipochunguza chakula, muhogo ukaonekana kuwa na mkono wake. Hatusemi usile bada. Loweka, anika mpaka ukauke, pika ukaiva, na ule na samaki.

MTOTO AKIZALIWA

Mama akishajifungua, mahitaji yake hushuka. Kwa kawaida hurudi kwenye kipimo alichokuwa akimeza kabla ya mimba, na hupimwa tena baada ya kama wiki sita. Siku ya kuondoka wodini, muulize daktari: "Kuanzia kesho nimeze ngapi?" Andika namba hiyo. Kunyonyesha kuendelee bila hofu.

Mtazame na mtoto pia. Mara chache mtoto huzaliwa na tezi yake mwenyewe ikiwa imelegea au haipo kabisa, na hilo linaweza kumpata hata mtoto wa mama mzima. Mtoto kama huyo husifiwa kuwa ni mpole. Halii sana, analala mno, ananyonya kivivu, sauti yake ni nzito, choo chake ni kigumu, mwili ni wa baridi, kitovu kimetokeza, na manjano ya macho hayaishi baada ya wiki mbili. Bibi atasema mtoto ametulia kama babu yake. Mpeleke hospitali wiki hiyo hiyo, na ukifika usiseme tu kwamba mtoto haumwi lakini amepoa. Sema: "Naomba apimwe tezi ya shingo."